Dawa na Kipimo Chake: Maradhi ya Mchochota wa Utumbo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa yake. Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, na kutawakali kwa Muislamu si kukaa na ugonjwa huku mikono imefungwa. Leo twapenda kuzungumza na watu wa nyumbani, waume kwa wake, juu ya maradhi ambayo wengi huona haya kuyataja hata mbele ya daktari. Nayo ni maradhi ya utumbo kupata mchochota, yaani kuvimba, kuwa mwekundu, kupata moto na kutoka vidonda, mgonjwa akawa anahara damu kwa wiki nyingi au kwa miezi. Twataka kueleza dawa za kuutuliza mchochota huo, jinsi zilivyopatikana, na kwa nini mtu hawezi kuzinunua kwa kubahatisha.

Maneno haya twayaanzia Tabora, kwani mji ule na njia ya kale iliyopita pale vina mafunzo mawili katika jambo hili.

NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hata Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika. Waarabu na Waswahili wa mwambao waliipita njia hiyo, na Wanyamwezi, mashuhuri kwa kazi ya upagazi, walibeba nguo na ushanga kwenda bara na pembe kurudi pwani. Walipita pia watumwa wengi, na taabu zao Mungu ndiye azijuaye. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne tangu kuondoka pwani, nao wakapokewa kwa ukarimu na Sheikh Snay bin Amir.

Katika safari za namna hiyo watu walikunywa maji ya madimbwi na visima vya njiani, na kuhara damu kukawa ni adui aliyeogopwa kama homa. Tajiri aliupata, mpagazi aliupata, na mgeni wa Ulaya aliupata.

Habari za David Livingstone zajulikana na wengi, lakini sehemu yake moja haitajwi sana. Mwezi Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa, na tangu hapo akawa anasafiri bila kinga. Mwanzoni mwa 1869, upande wa magharibi wa ziwa la Tanganyika, aliugua sana hata asiweze kutembea. Aliyemtazama ni mfanyabiashara Muislamu, Muhammad bin Gharib, ambaye alimpa dawa alizokuwa nazo, akaamuru abebwe kitandani siku baada ya siku mpaka walipolifikia ziwa na kulivuka. Livingstone aliingia Ujiji tarehe 14 Machi 1869 akitumaini kupata dawa zake zilizotumwa kutoka pwani. Akaambiwa dawa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13, na njia imefungwa na vita.

Alikuja kukaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, na tarehe 25 Agosti mwaka huo akaondoka kuelekea kusini. Mwezi Aprili 1873 aliandika katika daftari lake kuwa amedhoofika kwa damu nyingi iliyokuwa ikimtoka tangu mwisho wa Machi. Mwanzoni mwa Mei akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Wenzake, akina Susi na Chuma, waliutengeneza mwili wake, wakaona ndani ya tumbo bonge la damu iliyoganda. Kisha wakaubeba mwili ule hata Unyanyembe na mpaka pwani.

Hatusemi kwamba ugonjwa wake ndio huu tunaoueleza leo. Twasema kuwa katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, zamani zile kuhara damu kulikuwa na jina moja, na hapana aliyeweza kujua ni ugonjwa upi ulio nyuma ya jina hilo. La pili, dawa iliyopo duniani haimfai mgonjwa ikiwa imelala Unyanyembe na yeye yuko Ujiji.

MARADHI MENGI, DALILI MOJA

Elimu ya kuyatenga maradhi haya ilikuja polepole. Mwaka 1859 Samuel Wilks, daktari wa London, aliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa vidonda vya utumbo mpana ambavyo havikufanana na kuhara damu kwa kawaida. Mwaka 1875 Fedor Lösch, huko St Petersburg nchini Urusi, alimwona amiba kwa hadubini katika choo cha mgonjwa. Mwaka 1897 Mjapani Kiyoshi Shiga alikitambua kijidudu cha aina nyingine ya kuhara damu, na mpaka leo kijidudu hicho chaitwa kwa jina lake. Na mwaka 1932 Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa New York walieleza ugonjwa unaovimbisha mwisho wa utumbo mwembamba, ukaitwa ugonjwa wa Crohn.

Basi leo twajua kuwa kuna kuhara damu kunakoletwa na vijidudu, na kuna kunakotokana na mwili wenyewe. Kunakotokana na mwili ndiko tunakokusudia, nako ni kwa namna mbili. Ya kwanza ni kolitisi ya vidonda. Hii huanzia mwisho wa utumbo mpana, karibu na njia ya haja, ikapanda juu, nayo huchubua ngozi ya ndani ya utumbo tu. Mgonjwa huhara damu na kamasi, tumbo humsokota, na haja humjia kwa ghafula hata asiweze kungoja. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, ambao waweza kushika popote tangu kinywani hata njia ya haja, na hupenya ndani ya ukuta wa utumbo, ukaweza kuuziba au kuutoboa. Huyu aghalabu huona maumivu, homa, na kukonda.

Sababu yake ni kwamba askari wa mwili, ambao Mwenyezi Mungu amewaweka wapigane na vijidudu, hupotewa wakapigana na utumbo wenyewe. Kwa nini hupotewa, si jambo moja: urithi wa ukoo umo, vijidudu vya kawaida vikaavyo tumboni vimo, na namna ya maisha imo. Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na jicho wala uchawi, na mke hakuuleta kwa mapishi yake. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani, lakini hata Afrika ya Mashariki wagonjwa wake hugunduliwa, hasa pale penye vyombo vya kupimia.

HADITHI YA ASALI

Tabora ni nchi ya asali. Misitu yake ya miombo imejaa mizinga, na hapana nyumba isiyojua kuitumia asali kwa tumbo. Waislamu tuna sababu ya kuipenda, kwani Qurani katika Sura An-Nahl imetaja kuwa mna ponyo kwa watu katika kinywaji kitokacho tumboni mwa nyuki. Tena Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akasema kuwa ndugu yake anahara. Akaambiwa ampe asali. Akarudi akasema amempa na kuhara kumezidi, akaambiwa ampe tena. Aliendelea kurudi, na kila mara akaamriwa vile vile, mpaka ndugu yake akapona.

Wengi huisoma hadithi hii wakaona asali tu. Lakini Ibnul-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, katika kitabu chake Zaadul-Maad, alitazama kule kurudiarudia. Akaeleza kuwa dawa yapasa iwe na kipimo kinacholingana na ugonjwa. Ikipungua haiuondoi, na ikizidi hudhuru nguvu za mwili. Nasi twaongeza kuwa yule mtu hakumpa ndugu yake dawa mara moja kisha akanyamaza. Alirudi kueleza hali ya mgonjwa, akafuata aliyoambiwa, akarudi tena.

Asali na itumiwe kwa baraka yake, wala haimzuii mtu kwenda hospitali. Ila anayekaa na kuhara damu miezi mitatu huku akilamba asali peke yake, hakuifuata hadithi ile, kwa sababu hakurudi kuuliza.

DAWA ZA KUTULIZA MCHOCHOTA

Dawa ya kwanza ya maradhi haya iliyodumu ilitoka Sweden. Bibi Nanna Svartz, tabibu wa Stockholm, alikuwa akitafuta dawa ya viungo vinavyovimba. Akaunganisha dawa mbili: moja ya jamii ya aspirini, na moja ya jamii ya salfa. Mchanganyiko huo ukaitwa sulfasalazini, na yeye akaona kuwa wenye kolitisi walioutumia walipata nafuu. Habari zake alizitangaza mwaka 1942.

Kwa miaka 35 madaktari waliitumia dawa hiyo bila kujua ni nusu ipi ifanyayo kazi. Jambo hili lilifumbuliwa Oxford mwaka 1977 na A. K. Azad Khan, tabibu wa Bangladesh, pamoja na wenzake Piris na Truelove. Waliwagawia wagonjwa dawa kwa njia ya nyuma, wengine mchanganyiko mzima, wengine nusu ya salfa, na wengine nusu nyingine. Ikaonekana kuwa ile nusu iliyo jamaa ya aspirini ndiyo ituliayo utumbo, na salfa ni mpagazi wake tu, aibebaye mpaka kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu vya kawaida huikata kamba na mzigo ukatuliwa. Kwa ajili ya uvumbuzi huo ikatengenezwa mesalazini, ambayo ni ule mzigo bila salfa, kwa vidonge, kwa dawa ya kupachika, na kwa maji ya kuingizwa njia ya nyuma.

Dawa hizi mbili hufaa sana katika kolitisi isiyo kali, na katika ugonjwa wa Crohn manufaa yake ni machache. Kidonge cha sulfasalazini ni cha miligramu 500. Mtu mzima wakati wa ugonjwa aghalabu huandikiwa vidonge 6 mpaka 8 kwa siku, kwa kugawanya, na akishapoa huendelea na kama 4 ili ugonjwa usirudi. Hapo ndipo wengi hukosea: damu ikikatika huona wamepona, wakaacha dawa, na baada ya miezi michache damu hurudi. Kutulia kwa ugonjwa huu si kuondoka kwake.

Sulfasalazini ina mambo ya kuangaliwa. Aliyewahi kudhurika kwa dawa za salfa, akatoka malengelenge au akavimba, amwambie daktari kabla ya kuinywa. Na vivyo hivyo mwenye upungufu wa G6PD katika damu, jambo la kuzaliwa lililopo kwetu. Mkojo huwa wa rangi ya chungwa, na hilo lisimtishe mtu. Mwanamume huenda mbegu zake zikapungua wakati anapoitumia, kisha zikarejea baada ya kuacha au kubadilishiwa. Basi mume na mke wasilaumiane bila kuuliza. Mwanamke mjamzito asiiache kwa hofu, kwani ugonjwa ukiwaka huleta hatari zaidi kwa mama na mtoto. Huongezewa vidonge vya foliki asidi.

Dawa ya pili ni jamii ya kotisoni. Truelove huyo huyo, pamoja na Witts, aliijaribu kotisoni kwa wagonjwa 210 wa kolitisi, wakaitangaza hesabu yake mwaka 1955, ikathibitika kuwa waliopewa kotisoni walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Leo tuna predinisoloni, nayo ni rahisi kwa bei. Lakini dawa hii ni ya kuzima moto, si ya kulinda nyumba kila siku. Ikitumiwa muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na huwafunga mikono askari wa mwili. Wala haiachwi ghafula. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

Wale ambao ugonjwa wao ni mzito zaidi huwekewa azathioprini, au dawa za sindano kama infliksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn. Hizi ni ghali na zataka uangalizi, na kabla ya infliksimabu hapana budi mtu apimwe kifua kikuu.

HATARI YA KUBAHATISHA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Neno "dawa ya kutuliza mchochota" lina mtego ndani yake. Katika maduka ya dawa ziko dikilofenaki na ibuprofeni, nazo pia ni dawa za mchochota, nzuri kwa mgongo na magoti. Lakini kwa mwenye utumbo huu zaweza kuuamsha ugonjwa uliolala, na tena huchubua tumbo. Basi anayeumwa tumbo na kuhara damu asizinunue kwa kusikia kuwa ni za mchochota.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Mtu ana amiba, akaambiwa na jirani kuwa dalili zake ni kama za fulani, akapewa predinisoloni za fulani huyo. Askari wa mwili wakifungwa mikono, amiba hupata nafasi, na utumbo waweza kutoboka, mgonjwa akafa. Kifua kikuu nacho hushika utumbo na hufanana mno na ugonjwa wa Crohn. Akipewa predinisoloni bila dawa za kifua kikuu, maradhi humwenea mwili. Na kichocho cha matumbo, kilichopo kwa watu wa kandokando ya maziwa, nacho huleta damu katika choo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza choo kipimwe, tena si mara moja. Zipimwe damu na kifua kikuu. Ikiwa ametibiwa amiba sawasawa na damu haikukoma, asirudie dawa zile zile mara ya tatu na ya nne, bali aombe kupelekwa mbele. Tabora ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na Kigoma ina Maweni. Hapo mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda kwenye hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza au Muhimbili ya Dar es Salaam, ambako huangaliwa utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa, na kipande kidogo kikatolewa na kutazamwa kwa hadubini. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari iliyowachukua wazee wetu miezi leo ni ya siku chache.

Wapo wanaoona aibu juu ya kipimo hicho, hasa mama zetu. Sharia imeruhusu tabibu kuona panapohitajika kwa dharura ya matibabu, na ni haki ya mwanamke kuomba tabibu mwanamke akiwapo. Haya ni sehemu ya imani, lakini haikuwekwa ili imwue mtu.

Na mgonjwa anayehara damu mara 6 au zaidi kwa siku, akawa pamoja na hayo ana homa, au moyo unakwenda mbio, au amekuwa mweupe kwa kupungukiwa damu, huyo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

IBADA YA MGONJWA

Katika Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kumwachia nafasi ya kulipa, hutoa fidia, kibaba kwa maskini kwa kila siku. Ambaye ugonjwa wake umetulia huenda akaweza kufunga, ila aulize daktari wake kabla ya Ramadhani haijaingia, maana mesalazini yaweza kunywewa mara moja kwa siku, wakati wa futari au daku, na daktari aweza kuzipanga saa za dawa nyingine. Dawa ya kuingizwa njia ya nyuma, katika madhehebu yetu ya Shafii, hubatilisha saumu. Basi itumiwe usiku wakati wa kulala, na usiku ndio wakati wake mzuri hata kwa madaktari, kwa kuwa hukaa ndani muda mrefu. Kuacha dawa mwezi mzima kwa ajili ya saumu, kisha ukalazwa Shawali, si taqwa.

Na ambaye hawezi kujizuia, damu au choo kikamtoka bila hiari wakati wote, huyo ni mwenye udhuru. Hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akasali faradhi yake, na sala inayofuata hutawadha tena. Asiache sala kwa kudhani hana tohara. Jamaa nao wasimchukie kwa kuingia msalani kila mara, wala wasimseme mbele ya wageni.

Mwisho twarudi Ujiji ya mwaka 1869. Muhammad bin Gharib hakuwa tabibu, na dawa za mgonjwa wake zilikuwa mbali. Lakini alimbeba mtu asiyekuwa wa dini yake wala wa nchi yake, akamfikisha. Sulfasalazini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na bado si kila duka la mjini huiweka, wala si kila mwenye kuihitaji ana nauli ya kuifuata. Ikiwa katika mtaa wako yuko anayekonda kimya kimya na kuona haya kusema, mfuate. Mpe nauli ukiweza, fuatana naye ukiweza, na dawa zake zikikaribia kwisha mkumbushe azitafute mapema. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na kumfikisha penye dawa ni katika kumzuru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape subira jamaa zao, na awajaalie madaktari wetu elimu yenye manufaa. Amin. Wallahu aalam.